Kuiga Salfa: Uchambuzi wa Kisa cha Dietili Selenidi, 1836 hadi 1869

Visa vya aina hii kwa kawaida huficha majina ya wahusika. Hapa nimewataja wale tu ambao vitabu vya kemia vimewataja kwa miaka mingi. Mafundi, wasaidizi na wanafunzi waliosimama karibu na majiko na kuvuta hewa ileile hawamo.

Usuli

Mwaka 1817, katika kiwanda cha asidi ya salfuriki cha Gripsholm nchini Sweden, Jöns Jacob Berzelius na Johan Gottlieb Gahn waliyachunguza mashapo mekundu yaliyokuwa yakijikusanya chini ya chemba za risasi, yaani vyumba vilivyofunikwa kwa metali ya risasi ambamo asidi ilitengenezewa. Kiwanda kilikuwa kikichoma pairaiti, madini ya chuma na salfa, kutoka migodi ya Falun. Mashapo hayo yakipashwa moto yalitoa harufu kali ya kupanda puani, ya jamii ya mzizi wa mlonge uliokwanguliwa sasa hivi. Harufu hiyo iliwafanya wadhani wamepata teluri, elementi nyingine iliyokwisha kujulikana. Mwanzoni mwa 1818 Berzelius akawa ameridhika kwamba ni elementi mpya, seleni.

Baadaye alitaka kuijua harufu ya gesi ya hidrojeni selenidi. Akaachia kiputo kisichozidi punje ya njegere kiingie puani. Kwa saa kadhaa hakunusa kitu chochote, hata amonia kali aliyoiweka chini ya pua, na mafua mazito yakamkaa kwa takriban siku 15. Nalitaja hili mapema kwa sababu harufu na sumu ya seleni si pambo la kisa hiki. Ndizo zilizoamua nani aendelee na kazi, kwa muda gani, na kwa kiasi gani cha kemikali.

Kufikia miaka ya 1830 wakemia walikuwa na sababu nzuri za kuiona seleni kama pacha wa salfa. Mwaka 1827 Eilhard Mitscherlich alipata asidi ya seleniki, na chumvi zake ziliganda kwa maumbo yaleyale ya chumvi za asidi ya salfuriki. Mwaka 1829 Johann Döbereiner aliziweka salfa, seleni na teluri katika utatu mmoja, kwa kuwa uzito wa atomi ya seleni, karibu 79, unaangukia kati ya 32 ya salfa na 128 ya teluri. Kisha mwaka 1834, kutoka Copenhagen, William Zeise akatoa habari za merkaptani, kimiminika cha kunuka alichokipata kwa kukeneka chumvi ya asidi ya etili-salfuriki pamoja na hidrosalfidi. Yaani alichemsha mchanganyiko, akapoza mvuke, akakinga matone. Njia hiyo ilibandika salfa kwenye kundi la etili, kipande cha molekuli ya pombe chenye kaboni mbili na hidrojeni tano (C₂H₅). Swali lililofuata lilikuwa wazi kwa kila aliyesoma: je, seleni nayo itabandikika?

Vifaa vya kujibu swali vilikuwepo. Tangu 1831 Justus von Liebig alikuwa na chombo chake cha vioo chenye viduara vitano, kinachonasa kaboni dioksidi ndani ya potasi, yaani besi kali ya potasiamu, ili kaboni ya kampaundi ipimwe kwa mizani. Kwa hiyo mtu angeweza kutengeneza kimiminika kipya asubuhi na kuanza kujua kina kaboni kiasi gani bila kusubiri miezi.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 1836 Karl Löwig, wakati huo profesa Zürich, alifanya kwa seleni kile ambacho wengine walikuwa wamekifanya kwa salfa, akapata dietili selenidi, yaani atomi moja ya seleni iliyoshika etili mbili. Hiyo ndiyo kampaundi ya kwanza ya kikaboni yenye seleni. Haikuwa safi.

Mwaka 1847, mkemia aitwaye Siemens, akiwa na Friedrich Wöhler wa Göttingen, alipata etili selenoli, yaani merkaptani ya Zeise iliyoondolewa salfa na kuwekewa seleni. Wöhler hakuwa mgeni wa mambo haya: mwaka 1823 alikwenda Stockholm kujifunza kwa Berzelius mwenyewe. Mwaka 1853 Charles Joy, Mmarekani aliyesomea Göttingen, aliirudia dietili selenidi na kuandika juu ya tabia zake. Halafu mwaka 1869 Bernhard Rathke akaipata ikiwa safi.

Miaka 33, basi, kati ya tone la kwanza na tone safi. Kwa kampaundi yenye atomi 15 tu, hiyo ni safari ndefu, na ndiyo inayofanya kisa kistahili kuchambuliwa.

Maamuzi, na kwa nini yalionekana sawa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuchagua etili. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili za jikoni. Pombe ya kawaida na asidi ya salfuriki vilipatikana kila mahali, na ukivichanganya, ukaondoa asidi iliyobaki na kuweka potasi, unapata chumvi inayoganda vizuri, inayokaushika na kupimika. Hakuna gesi ya kufukuza, hakuna kitu kinachoungua hewani. Chumvi hiyo ikipashwa moto pamoja na selenidi ya potasi ndani ya maji, mambo huenda hivi:

2 C₂H₅OSO₃K + K₂Se → (C₂H₅)₂Se + 2 K₂SO₄

Salfati inabaki majini. Dietili selenidi haipatani na maji, kwa hiyo inapanda na mvuke na kutengana yenyewe kwenye chupa ya kukingia. Hapo ndipo dalili ya kwanza ya tofauti ingeonekana kwa macho: dietili salfidi ina uzito wa gramu 0.84 kwa mililita na huelea juu ya maji. Dietili selenidi ina gramu 1.23, na matone yake huzama. Fundi aliyezoea kukusanya tabaka la juu angemwaga mali yake yote.

Uamuzi wa pili ulihusu chanzo cha selenidi, na hapa urahisi ulikuwa na gharama. Seleni ikiyeyushwa ndani ya potasi ya moto haitoi selenidi peke yake. Sehemu moja inapokea elektroni na kuwa selenidi, sehemu nyingine inazitoa na kuwa selenaiti. Njia iliyo safi zaidi ni kupitisha hidrojeni selenidi ndani ya potasi, lakini hiyo ndiyo gesi ileile iliyomlaza Berzelius na mafua. Mtu wa 1836 hakuwa na kabati la kufyonza mvuke lenye feni. Alikuwa na dirisha. Ukiniuliza, sehemu kubwa ya uchafu wa miaka ile inaeleweka ukikumbuka kwamba njia safi ilikuwa ndiyo njia ya kuumiza.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuchapisha kabla ya kusafisha. Wapo wanaomhukumu Löwig kwa hili. Mimi siwezi kumlaumu sana. Mwaka 1825, angali mwanafunzi, alitoa kimiminika chekundu kutoka maji ya chemchemi ya kwao Kreuznach. Mwalimu wake, Leopold Gmelin wa Heidelberg, akamtaka aandae kingi zaidi. Akiwa katikati ya kazi hiyo, Antoine Balard wa Ufaransa alichapisha ugunduzi wa bromini mwaka 1826, na jina la Löwig likabaki kwenye tanbihi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miaka 10 baadaye, mtu huyohuyo ana kimiminika kipya mkononi ambacho maabara yoyote ya Ulaya yenye chumvi ya etili-salfuriki na kipande cha seleni ingeweza kukitengeneza.

Kilichokuwa ndani ya chupa

Tuikague chupa kwa kemia ya leo. Selenidi ya potasi inapokutana na hewa kidogo tu, sehemu yake hugeuka diselenidi, ambamo atomi mbili za seleni zimeshikana. Ikiwa potasi haikutosha, sehemu nyingine huwa hidroselenidi. Kila moja ya hizi inachukua etili kivyake. Kwa hiyo ukenekaji mmoja waweza kutoa vitu vitatu: etili selenoli, inayochemka karibu nyuzi 54, dietili selenidi, nyuzi 108, na dietili diselenidi, inayochemka juu zaidi ya zote mbili.

Ukitazama namba hizo utasema mambo ni rahisi, vitenganishe kwa moto. Tatizo ni kwamba selenoli haikai ilivyo. Hewa inayoingia wakati wa kubadilisha chupa inaigeuza kuwa diselenidi, kwa hiyo kimiminika ulichokisafisha jana si kimiminika ulichonacho leo. Na mvuke wa maji hubeba kila kitu pamoja.

Mizani nayo haikuwa msaada kama ilivyodhaniwa. Dietili selenidi safi ina kaboni asilimia 35.0 na seleni asilimia 57.6. Dietili diselenidi ina kaboni asilimia 22.2 na seleni asilimia 73.1. Chafua ya kwanza kwa sehemu moja ya kumi ya ya pili kwa uzito, na kaboni inashuka hadi 33.8 tu. Tofauti ya asilimia 1.2! Mkemia wa 1836 angeweza kuipachika tofauti hiyo kwa mizani, kwa unyevu, kwa mpira wa kuungia vioo. Tena kampaundi ya seleni ikiunguzwa hutoa seleni dioksidi, kitu kigumu kinachogeuka mvuke moja kwa moja na kuganda kama sindano nyeupe kwenye mirija yenye ubaridi. Sindano hizo zikifika kwenye sehemu inayopimwa, zinaongeza uzito usiokuwa wa kaboni. Salfa dioksidi ni gesi, na wakemia walishajua jinsi ya kuidhibiti. Mtu aliyechukua tahadhari za salfa peke yake alikuwa amejilinda dhidi ya adui mwingine.

Kwa ajili ya kulinganisha: seleni ya asili ina isotopu 77, yaani atomi za seleni zenye namba ya uzito 77, kwa kiasi cha asilimia 7.6, na isotopu hiyo huitikia sumaku katika mashine za NMR, zinazotambua molekuli kwa sumaku na mawimbi ya redio. Selenoli, selenidi na diselenidi hujitokeza kama mistari mitatu iliyoachana, kwenye kipimo kimoja, bila kuunguza tone.

Matokeo

Rathke alipomaliza kazi mwaka 1869 alikuwa na mambo mawili ambayo Löwig hakuwa nayo. Kwanza, mkutano wa Karlsruhe wa 1860 ulikuwa umesaidia kutuliza ugomvi wa uzito wa atomi, ule uliofanya maabara moja iandike kaboni kama 6 na nyingine kama 12. Kwa hiyo fomula ya kampaundi ilikuwa imeanza kuwa na maana moja kwa kila msomaji. Pili, tangu 1858 wazo la kwamba kila atomi ina idadi fulani ya vifungo lilikuwa limeenea. Mkemia alijua mapema kwamba seleni yenye vifungo viwili inapaswa kushika etili mbili, na kwamba kimiminika kinachotoa namba za kati na kati ni mchanganyiko. Mwaka huohuo Dmitri Mendeleev akachapisha jedwali lake, seleni ikiwa mahali pake katika safu ya salfa.

Uchambuzi: pale mwigo ulipofaa

Kuiga salfa ulikuwa uamuzi sahihi wa kuanzia, na nasema hivyo bila kusita. Ulitoa njia ya kutengeneza, ukabashiri fomula, ukabashiri hata jinsi selenoli itakavyoshika zebaki kama merkaptani. Mtafiti aliyekataa kuiga angelazimika kubahatisha kwa kemikali inayomwondolea uwezo wa kunusa. Wale waliofuata waliendelea kufaidika: Félix Taboury, mwaka 1903, aliingiza seleni kwenye vitendanishi vya magnesiamu ambavyo Victor Grignard alikuwa amevitangaza mwaka 1900, na kwa hapo kampaundi za seleni zilizoshikamana na pete ya benzini zikapata njia fupi.

Uchambuzi: pale mwigo ulipodanganya

Kasoro ilianza mwigo ulipoacha kuwa ngazi na kuwa rula ya kupimia. Kila seleni ilipofanya tofauti na salfa, tofauti ilionekana kuwa uchafu au kazi mbovu.

Chukua asidi. Hidrojeni salfidi ina pKa ya 7.0, hidrojeni selenidi ina 3.9 (pKa ni kipimo cha asidi: ikiwa ndogo zaidi, asidi ni kali zaidi). Hiyo ni mara zaidi ya elfu moja kwa nguvu ya asidi. Maana yake ni kwamba katika maji yasiyo na asidi wala besi, selenoli nyingi tayari ziko katika hali ya ioni, hali ambayo hushambulia haraka na kuoksidika haraka. Muda na tahadhari za merkaptani hazikumtosha mtu wa selenoli hata kidogo. Mwili wetu nao hutumia tofauti hiyo: asidi amino ya selenosisteini ina pKa ya karibu 5.2 kwenye seleni yake, wakati sisteini ya kawaida ina karibu 8.3. Mwaka 1973 ilipoonyeshwa kwamba kimeng'enya cha glutathioni peroksidasi kina seleni, swali la kwa nini salfa isingetosha lilikuwa na jibu kwenye kemia ya chupa za akina Siemens.

Kosa la gharama kubwa zaidi lilikuwa kwenye selenoksidi, yaani selenidi iliyoongezewa oksijeni juu ya seleni. Salfidi ikioksidishwa hutoa salfoksidi, na nyingi kati ya hizo unaweza kuziweka kabatini. Ili zivunjike na kutoa alkini, yaani hidrokaboni yenye kifungo maradufu, huhitaji moto, mara nyingi zaidi ya nyuzi 100. Selenoksidi nyingi hufanya hivyo kwa joto la chumba. Oksijeni iliyo juu ya seleni huchukua hidrojeni kutoka kaboni ya jirani, kifungo dhaifu cha kaboni na seleni hukatika, na alkini hubaki. Hakuna asidi kali, hakuna jiko.

Jambo hilo lilielezwa wazi mwaka 1970, na D. N. Jones na wenzake wa Uingereza, waliokuwa wakishughulikia steroidi. Kutoka 1836 hadi 1970 ni miaka 134, na muda wote huo watu walikuwa wakizioksidisha selenidi.

Kwa nini hawakuona? Nadhani sababu ni mbili, na zote zinatokana na mwigo. Dawa ya kuoksidisha iliyozoeleka ilikuwa asidi ya nitriki. Ndani ya asidi kali oksijeni ya selenoksidi hushika protoni, na oksijeni iliyoshika protoni haiwezi tena kuchukua hidrojeni ya jirani. Kwa hiyo waliishika selenoksidi katika hali ileile inayoizuia kuvunjika, wakapata chumvi zinazoganda, wakafurahi kwamba zinafanana na za salfa. Baadaye, wengi walipohamia kwenye kampaundi za pete ya benzini kwa kuwa ni tulivu na hazinuki sana, kama difenili selenidi, walichagua molekuli ambazo kaboni ya jirani iko ndani ya pete na haina hidrojeni ya kutoa kwa njia hiyo. Utulivu waliouona ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa molekuli walizozichagua, si wa seleni.

Kuhusu harufu sitasema mengi. Mtu aliyeshika seleni hutoa pumzi ya kitunguu saumu, kwa sababu mwili huigeuza kuwa dimetili selenidi na kuitoa mapafuni. Familia yake inajua alikuwa wapi. Hilo pekee laweza kueleza kwa nini orodha ya waliodumu na elementi hii katika karne ya 19 ni fupi. Leo vioo huoshwa kwa maji ya klorini, yanayozioksidisha selenoli hadi asidi zisizonuka. Klorini ilikuwa imeshajulikana na kutumika kuua harufu tangu kabla ya Löwig.

Diselenidi ilipobadilishwa kazi

Dietili diselenidi, kama tulivyoona, ilikuwa takataka ya kisa: kitu kinachojitokeza hewa ikiingia. Ndugu yake wa pete ya benzini, difenili diselenidi, ni fuwele za manjano zinazoyeyuka karibu nyuzi 61 hadi 63, hazisumbuliwi na hewa, na harufu yake inavumilika. Mwaka 1973 K. Barry Sharpless na R. F. Lauer walianzia hapo kwa makusudi. Waliiyeyusha ndani ya ethanoli, wakaongeza sodiamu borohidridi, manjano yakapotea, na ioni ya selenidi ikawa imezaliwa ndani ya chupa bila mtu kugusa selenoli. Ioni hiyo hufungua pete ya epoksidi, pete ndogo ya kaboni mbili na oksijeni moja. Hidrojeni peroksidi huifuata na kutengeneza selenoksidi, ambayo huvunjika yenyewe na kuacha pombe yenye kifungo maradufu jirani yake. Mwaka huohuo kundi la Hans Reich nalo lilichapisha njia ya kutumia selenoksidi kuingiza kifungo maradufu karibu na kabonili, yaani kaboni iliyoshika oksijeni kwa vifungo viwili.

Ukilinganisha meza hizo mbili, ya 1836 na ya 1973, kemikali zenyewe hazikutofautiana sana: seleni, kundi la kikaboni, kitu cha kuoksidisha. Kwa Löwig diselenidi ilikuwa uchafu ulioletwa na hewa. Sharpless aliichukua selenoli ikiwa tayari imeoksidika, akairudisha nyuma pale tu alipoihitaji, kwa kiasi alichokihitaji.